Je, wastani wa watazamaji wa televisheni unatosha kulinganisha konferensi za futiboli ya vyuo vikuu?

Mfuatiliaji wa Jumamosi ameuliza:

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mfuatiliaji wa siku nyingi wa futiboli ya Kimarekani (si soka) inayochezwa na vyuo vikuu vya Marekani, na tangu msimu wa 2024 nimekuwa nikinakili kila wiki idadi ya watazamaji wa televisheni wa kila mechi ambayo takwimu zake hutangazwa na kampuni ya Nielsen. Ninazipanga katika jedwali kwa kufuata konferensi, yaani yale makundi ambayo vyuo hujiunga ili kucheza pamoja na kuuza haki za matangazo kwa pamoja: SEC ya majimbo ya Kusini, Big Ten, Big 12 na ACC. Nia yangu ilikuwa kumaliza ubishi wa muda mrefu kati yangu na rafiki yangu kuhusu konferensi ipi hasa inayotazamwa zaidi.

Jedwali halijaumaliza ubishi huo, bali limeukoleza. Nikichukua wastani wa mechi zote napata mpangilio mmoja, nikijumlisha watazamaji wote napata mwingine, na nikihesabu tu mechi zilizovuka milioni tano mpangilio unabadilika tena. Rafiki yangu, ambaye ni mtu wa Big Ten, hunitajia mechi ya Michigan na Ohio State ya Novemba 2023, iliyotazamwa na watu wapatao milioni 19 kwenye chaneli ya Fox. Mimi humjibu kwa fainali za SEC: ile ya 2023 kati ya Alabama na Georgia ilikuwa na watazamaji milioni 17.5, na ile ya 2024 kati ya Georgia na Texas ilifika milioni 16.6, ilhali fainali ya Big Ten ya mwaka huohuo, kati ya Oregon na Penn State, iliishia milioni 10.5. Kila mmoja ana mfano wake, na hakuna anayemshinda mwenzake.

Nina maswali mengine yanayonikwamisha. Chuo cha SEC kinaposafiri kwenda kucheza na chuo cha Big Ten, watazamaji wa mechi hiyo ni wa nani? Na nifanye nini na mechi zilizorushwa mtandaoni pekee, kama zile za Peacock, ambazo mara nyingi hazipati namba yoyote katika orodha ninazozifuata? Kwa sasa nimeziacha nje ya jedwali, lakini moyo wangu haujatulia. Naomba mwenye uelewa wa mambo haya anielekeze, kwa sababu ninataka jedwali hili liwe la haki hata kama mwishowe litampa rafiki yangu ushindi.

---

Mwanatakwimu amejibu:

Ndugu Mfuatiliaji, nakupongeza kwa subira ya kunakili namba hizo wiki baada ya wiki. Jambo la kwanza ninalokuomba ulizingatie ni kwamba namba unayoinakili si idadi ya watu waliofungua televisheni wakaiona mechi. Ni wastani wa watu waliokuwa wakitazama katika dakika yoyote ya mechi hiyo. Mtu aliyetazama robo moja akaondoka anahesabiwa kama robo ya mtu, tukisema kwa lugha nyepesi. Kwa hiyo mechi inayokuwa ya upande mmoja mapema hupoteza watazamaji wake katika nusu ya pili na wastani wake hushuka, hata kama mwanzoni ilifunguliwa na watu wengi kuliko mechi nyingine yoyote ya siku ile. Ubabe wa timu moja ndani ya konferensi unaweza kuipunguzia konferensi hiyo watazamaji, ingawa ndio unaoipatia sifa.

Jambo la pili ndilo zito zaidi, na ndilo ninalodhani limeuvuruga ubishi wenu. Unapolinganisha wastani wa SEC na wa Big Ten, kwa kiasi kikubwa unalinganisha chaneli na saa za kurushwa, si konferensi. Mechi inayorushwa na ABC, CBS, Fox au NBC inaifikia karibu kila nyumba yenye televisheni, hata isiyolipia kebo wala kifurushi chochote. Mechi inayorushwa na ESPN inazifikia nyumba zinazolipia tu, na nyumba hizo zimekuwa zikipungua mwaka hadi mwaka tangu zilipokaribia milioni 100 mwanzoni mwa muongo wa 2010. Ile inayorushwa na chaneli ya konferensi yenyewe, kama SEC Network au Big Ten Network, huwa na watazamaji wachache zaidi. Chukua timu zilezile mbili, wachezaji walewale, uwanja uleule, uwahamishe kutoka ABC kwenda chaneli ya konferensi: namba itaporomoka, na hakuna hata shabiki mmoja atakayekuwa amebadili mapenzi yake.

Ratiba nayo ina uzito wake. Kwa saa za Mashariki kuna nafasi tatu kubwa za Jumamosi: saa sita mchana, saa tisa na nusu alasiri, na saa moja na nusu usiku. Zamani saa sita mchana ilionekana kuwa nafasi ya mechi za kawaida. Fox waliamua kuifanya kuwa nafasi yao kuu, wakawa wanaiweka hapo mechi yao bora ya Big Ten, kwa sababu usiku walijua watakutana na ushindani mkali. Hivyo mechi ya Ohio State ya saa sita mchana mara nyingi haina mpinzani wa maana kwenye chaneli nyingine, ilhali mechi nzuri ya SEC ya usiku inagawana watazamaji na mechi nyingine mbili au tatu nzuri.

Kuna jaribio moja ambalo historia imetufanyia bila sisi kuliomba. Kwa zaidi ya miaka 20, mechi bora ya SEC ya kila wiki ilirushwa na CBS saa tisa na nusu alasiri, na watu waliizoea kama wanavyozoea taarifa ya habari. Mwaka 2024 SEC yote ilihamia ABC na ESPN, na CBS wakaijaza nafasi ileile kwa mechi za Big Ten. Chaneli haikubadilika wala saa haikubadilika, na wastani wa watazamaji wa nafasi hiyo ulishuka. Mtu wa SEC atasema, "Mmeona?" Lakini angalia kwa makini kilichokuwa kinawekwa pale. CBS ya zamani ilikuwa na haki ya kuchagua mechi ya SEC kabla ya mtu mwingine. CBS ya sasa inagawana Big Ten na Fox pamoja na NBC, na Fox ndiyo ambayo mara nyingi huchagua kwanza. Kilicholinganishwa hapo ni chaguo la kwanza la SEC dhidi ya chaguo la pili au la tatu la Big Ten, na kwa hakika chaguo la tatu la konferensi yoyote haliwezi kushindana na chaguo la kwanza la nyingine.

Kuhusu mechi za mtandaoni ulizoziacha nje, naomba ufanye hesabu ndogo. Chukua konferensi ya mfano yenye mechi tano zilizotazamwa na watu milioni 8, 6, 4, 1 na 1. Jumla ni milioni 20 na wastani ni milioni 4. Sasa konferensi hiyo izihamishie mtandaoni zile mechi mbili za mwisho, nawe uziondoe katika jedwali kwa sababu hazina namba. Jumla inakuwa milioni 18 kwa mechi tatu, na wastani unapanda hadi milioni 6. Konferensi haijapata mtazamaji mpya hata mmoja, lakini jedwali lako linasema imekua kwa nusu nzima! Ndiyo maana ninaogopa wastani unaotangazwa bila kutajwa ni mechi ngapi zimehesabiwa.

Ushauri wangu ni huu: gawa jedwali lako kwa chaneli na nafasi ya saa kwanza, kisha ndani ya kila kisanduku ndipo ulinganishe konferensi. Na badala ya wastani peke yake, weka pia namba ya katikati, yaani ile ambayo nusu ya mechi ziko juu yake na nusu ziko chini yake. Mechi moja ya Michigan na Ohio State inaweza kuunyanyua wastani wa msimu mzima, lakini haiwezi kuigusa namba ya katikati.

---

Shabiki wa Zamani amejibu:

Nakubaliana na Mwanatakwimu, nami ninaongeza jambo moja la kihistoria. Hadi 1984 swali lako lisingeweza hata kuulizwa, kwa sababu chama cha NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo, ndicho kilichomiliki mkataba wa televisheni wa nchi nzima na ndicho kilichoamua timu ipi ionekane mara ngapi. Oklahoma na Georgia waliishtaki NCAA, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba utaratibu ule ulikuwa unabana ushindani wa biashara. Konferensi kuuza mechi zao zenyewe, na hivyo kupimana kwa watazamaji, kumetokana na hukumu ile.

Mfano wa jinsi chaneli inavyoweza kuificha mechi naukumbuka vizuri. Septemba 1, 2007, Michigan, iliyokuwa ya tano katika orodha ya ubora, ilifungwa nyumbani na Appalachian State 34 kwa 32, baada ya mkwaju wa mwisho wa Michigan kuzuiwa sekunde zikiwa zinakatika. Ni mojawapo ya matokeo ya kustaajabisha kuliko yote katika mchezo huu. Mechi hiyo ilikuwa kwenye Big Ten Network, chaneli iliyokuwa na umri wa siku mbili, ambayo kampuni kubwa ya kebo ya Comcast ilikuwa bado haijakubali kuibeba. Mamilioni ya watu waliisikia habari kabla ya kuiona picha. Mtu akiipima mechi ile kwa watazamaji wa siku ile, ataiweka chini ya mechi nyingi ambazo leo hakuna anayezikumbuka.

---

Mpimaji amejibu:

Ndugu Mfuatiliaji, mimi nitajibu lile swali la mechi ni ya nani, kisha nikutahadharishe kuhusu kipimo chenyewe.

Kwa desturi ya mikataba, haki za matangazo zinaifuata timu mwenyeji. Alabama ilipokwenda kucheza na Texas mwaka 2022, mechi ilirushwa na Fox saa sita mchana, kwa kuwa wakati huo Texas ilikuwa bado ndani ya Big 12, na ikapata watazamaji milioni 10.6. Katika vitabu vya konferensi, hiyo ni mechi ya Big 12. Mwaka uliofuata Texas ilirudisha ziara huko Alabama, mechi ikawa ya ESPN na ya SEC, ikapata milioni 8.8. Timu ni zilezile, ila mwaka mmoja watazamaji wameandikwa upande huu na mwaka uliofuata upande ule. Na wakati wote huo Texas ilikuwa imekwishatangaza, tangu 2021, kwamba inahamia SEC. Vivyo hivyo, Texas ilipofungua msimu wa 2025 ugenini kwa Ohio State, watazamaji milioni 16.6 waliingia katika hesabu ya Fox na Big Ten.

Ukitumia kanuni ya mwenyeji, jedwali lako litalingana na jinsi fedha zinavyotembea. Lakini kama swali lako ni nani anayevuta macho ya watu, kanuni hiyo inakudanganya, na ingekuwa haki zaidi kuigawa mechi nusu kwa nusu au kuziweka mechi za namna hiyo katika safu ya peke yake. Mimi ningechagua safu ya peke yake. Notre Dame nayo iwe na safu yake, kwa sababu katika futiboli haina konferensi na mechi zake za nyumbani zimekuwa NBC tangu 1991.

Msimu unaokusumbua zaidi ungekuwa wa 2023, laiti ungeanza kunakili mwaka mmoja mapema. Colorado, chini ya kocha wake mpya Deion Sanders, nyota wa zamani wa futiboli ya kulipwa, iliingia kila nyumba. Tarehe 16 Septemba ilicheza na Colorado State kwenye ESPN. Mechi ilianza baada ya saa nne usiku kwa saa za Mashariki, ikaenda muda wa ziada mara mbili, na ilipomalizika ilikuwa imepita saa nane usiku. Kwa kawaida saa hizo ni za watu wachache wasiopata usingizi. Mechi ile ilitazamwa na watu milioni 9.3. Wiki moja baadaye Colorado ilichapwa na Oregon 42 kwa 6, na watazamaji walikuwa milioni 10 kwenye ABC. Kwa jedwali la konferensi, Septemba ile ilikuwa neema kubwa kwa Pac-12, konferensi ambayo mwezi uliotangulia ilikuwa imesambaratika kwa sababu haikupata mkataba wa televisheni wa kuwaridhisha wanachama wake. Colorado yenyewe ilikwishatangaza kuhama, na ilimaliza msimu ikiwa imeshinda mechi 4 na kupoteza 8. Nani wa kupewa sifa ya watazamaji wale? Pac-12 haikuwavuta. Watazamaji walimfuata Sanders na wanawe waliokuwa wachezaji wake.

Sasa kipimo chenyewe. Nielsen hawajakaa na rula moja. Kuanzia 2020 walianza kuwajumlisha kikamilifu watu wanaotazama nje ya nyumba zao, yaani katika baa, hotelini au nyumbani kwa ndugu. Mapema 2025 eneo la upimaji huo lilipanuliwa hadi karibu nchi nzima, na kuanzia Septemba 2025 namba rasmi zinachanganya sampuli ya zamani ya nyumba na data za mamilioni ya ving'amuzi na televisheni za kisasa. Kwa hiyo mechi ya 2025 iliyozidi ya 2024 kwa asilimia chache huenda haikuzidi kitu. Mabadiliko haya pia hayaziinui mechi zote kwa kiwango kimoja. Michigan na Ohio State hukutana Jumamosi ya baada ya sikukuu ya Shukrani, wakati ambapo familia zimekusanyika katika nyumba moja na wageni wamejaa sebuleni, na mechi ya aina hiyo hufaidika zaidi watazamaji wa nje ya nyumba zao wanapohesabiwa. Usiunganishe misimu hiyo miwili katika mstari mmoja wa grafu.

Weka pia alama pembeni ya Jumamosi mbili za mwanzo wa Novemba 2025. Kuanzia Oktoba 30 hadi Novemba 14, chaneli za Disney, zikiwemo ABC na ESPN, ziliondolewa kwenye YouTube TV, kifurushi cha televisheni cha kulipia cha mtandaoni, kwa mgogoro wa malipo. SEC yote iko mikononi mwa Disney, ilhali Big Ten haiko huko. Atakayelinganisha wiki hizo bila kutaja mgogoro huo hatakuwa amelinganisha konferensi.

---

Mfuatiliaji wa Jumamosi amejibu:

Ndugu Mwanatakwimu, Ndugu Mpimaji na mzee wetu Shabiki wa Zamani, nawashukuru kwa dhati. Jana usiku nilikaa na jedwali langu nikafanya kama nilivyoelekezwa: nilitenga chaneli za wazi na za kulipia, nikatenga nafasi tatu za Jumamosi, nikaondoa Notre Dame na mechi za konferensi mbili tofauti nikaziwekea safu yake.

Kilichonishangaza ni jinsi visanduku vingi vilivyobaki na mechi mbili au tatu tu. Nilidhani nina mamia ya mechi za kulinganisha, kumbe nina chache sana ambazo zilirushwa katika mazingira yanayofanana. Kingine nilichokiona ni kwamba katika visanduku vile vya juu majina yanajirudia: Ohio State, Michigan, Alabama, Georgia, Texas, Penn State, Tennessee, LSU. Nikiyaondoa majina hayo, ile tofauti niliyokuwa nikiibishania inakuwa nyembamba, na mechi za kawaida za SEC na Big Ten zinakaribiana kuliko nilivyowahi kukubali mbele ya rafiki yangu.

Hapo limezaliwa swali jipya. Kama kinachotazamwa ni timu chache, kwa nini konferensi zenyewe huuza namba za konferensi nzima? Na je, vile vyuo vinavyovuta watazamaji havidai zaidi?

---

Mhasibu amejibu:

Vinadai, tena mahakamani. Florida State na Clemson ziliishtaki ACC, nayo ACC ikazishtaki, na Machi 2025 pande zote zilifikia mapatano. Chini ya mapatano hayo, asilimia 40 ya fungu la msingi la mapato ya televisheni hugawanywa sawa kwa wote, na asilimia 60 hugawanywa kwa kufuata watazamaji wa kila chuo, kwa kutumia wastani wa miaka mitano. Kwa hiyo lile jedwali unalolijenga kwa mapenzi, ndani ya ACC sasa ni hati ya malipo, na kila kasoro mliyoitaja hapo juu ina thamani ya fedha. Chuo ambacho mechi zake hupangwa kwenye chaneli ya konferensi kitapimwa kwa watazamaji wachache, kitapata fedha chache, na kikipata fedha chache kitapata wachezaji hafifu zaidi, kisha kitapangwa kwenye chaneli hiyohiyo. Mimi naona hilo ni jambo la kutia wasiwasi kwelikweli, kwa sababu anayepanga chaneli na saa ni mtangazaji, si chuo. Angalau ule wastani wa miaka mitano unapunguza makali ya msimu mmoja mbaya.

Kuhusu kwa nini konferensi huuza namba za pamoja, jibu limebadilika na wakati. Maryland na Rutgers zilipoingia Big Ten mwaka 2014, hazikuletwa kwa ajili ya watazamaji. Zililetwa kwa ajili ya nyumba zilizounganishwa na kebo katika maeneo ya Washington na New York, kwa sababu Big Ten Network ililipwa ada kwa kila nyumba yenye kifurushi, mwenye nyumba atazame au asitazame. Mteja asiyejua futiboli hata kidogo alikuwa analipia. Nyumba hizo zilipoanza kukata kebo, thamani ilirudi kwa mechi ambayo mtu anaitafuta mwenyewe. Ndipo zikafuata Texas na Oklahoma kwenda SEC, na USC, UCLA, Oregon na Washington kwenda Big Ten, zote zikianza kucheza huko 2024. Mkataba wa Big Ten na Fox, CBS na NBC uliotangazwa Agosti 2022 uliripotiwa kuzidi dola bilioni 7 kwa miaka saba, na fedha za namna hiyo hailipwi konferensi ya wastani mzuri tu. Hulipwa konferensi yenye mechi kubwa za kutosha kujaza nafasi tatu za kila Jumamosi, kwenye chaneli tatu tofauti, kwa wiki 13 au 14 mfululizo.

Kwa hiyo mimi ningekushauri uongeze kipimo kimoja: idadi ya mechi za kila konferensi zilizovuka kiwango fulani, tuseme milioni nne, katika msimu mzima, na idadi ya vyuo tofauti vilivyoshiriki katika mechi hizo. Konferensi ambayo mechi zake 20 za namna hiyo zinatokana na vyuo 12 ina msingi mpana kuliko yenye mechi 20 zinazotokana na vyuo vinne, hata kama wastani wao unalingana hadi desimali ya mwisho. Mtangazaji anaijua tofauti hiyo, maana chuo kimoja kikubwa kikipata msimu mbaya, konferensi ya pili inabaki na visanduku vitupu.

---

Mpimaji ameongeza:

Naunga mkono kipimo cha Mhasibu, ila kiwango cha milioni nne kihesabiwe kwa mechi za kabla ya Desemba peke yake. Sheria ya Marekani ya 1961 inailinda futiboli ya vyuo dhidi ya NFL, ligi ya futiboli ya kulipwa, siku za Jumamosi, lakini ulinzi huo unaisha katikati ya Desemba. Disemba 21, 2024, siku ya mechi za mtoano, Penn State na SMU walipata watazamaji milioni 6.4 na Texas na Clemson milioni 8.6, zote mbili zikiwa kwenye chaneli ya kulipia ya TNT huku NFL ikicheza saa zilezile. Usiku wa siku hiyo, NFL ikiwa imemaliza mechi zake, Ohio State na Tennessee walipata milioni 14.3 kwenye ABC na ESPN. Mechi hizo zikiingizwa katika jedwali pamoja na zile za Oktoba, Penn State itaonekana dhaifu kwa kosa la ratiba.

---

Mfuatiliaji wa Jumamosi amejibu:

Nimezitoa mechi zote za baada ya fainali za konferensi, na nimeanza kuhesabu vyuo kama alivyoshauri Ndugu Mhasibu. Safu ya SEC ina majina mengi zaidi ya vyuo, na safu ya Big Ten ina kilele kirefu zaidi kwenye nafasi ya saa sita mchana. Nimemtumia rafiki yangu safu zote mbili bila kuandika chini yake nani ameshinda, nikamwomba kwanza anisaidie kujaza mechi za Peacock zilizobaki bila namba, angalau kwa kuandika kwamba zilichezwa.